Mtu Ambaye Hakuanguka

Kila mwaka mwezi wa Mei ufikapo, mvua zikiisha kukoma hapa Lubumbashi na vumbi jekundu likianza kutanda juu ya majani ya miembe, wavulana wa shule yetu huurudia mchezo wao wa ngumi. Hujifunga vitambaa mikononi, huchora mraba mavumbini nyuma ya darasa la sita, kisha wawili huingia kati na wengine huwazunguka wakipiga makofi na kuimba: "Ali, boma ye! Ali, boma ye!" Maana yake, Ali, mwue. Ni watoto wa miaka 11 na 12. Maneno hayo ya Kilingala wameyarithi kwa babu zao, wala hapana mmoja wao aliyekuwa amezaliwa yalipoimbwa mara ya kwanza.

Wajibu wa mwalimu ni kuwatawanya, nasi huwatawanya. Lakini tukiri ukweli: mara nyingi husimama kwanza dirishani kitambo kidogo tukiwatazama. Sababu yake ni marehemu baba yetu.

Baba alikuwa kijana wa miaka 16 tarehe 30 Oktoba 1974, siku Muhammad Ali alipopambana na George Foreman mjini Kinshasa. Huko ilikuwa saa kumi ya usiku. Kwetu huku kusini saa kumi na moja, karibu na mapambazuko. Alikaa na majirani kuizunguka redio moja, shuka mabegani, hata Foreman alipoangushwa katika raundi ya 8. Habari hiyo alitusimulia mara nyingi tulipokuwa wadogo, na kila mara Foreman alianguka kwa namna nyingine. Alipenda pia kutukumbusha kwamba uwanja ule wa pigano, ulioitwa wakati huo Uwanja wa 20 Mei, sasa unaitwa Tata Raphaël, kwa heshima ya Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, aliyetumia maisha yake kuwajengea vijana wa Léopoldville shule na viwanja vya michezo.

Basi siku moja mwanafunzi wetu, mvulana mpole akaaye benchi la nyuma, alituuliza: "Mwalimu, je, yuko mtu aliyepigana na Ali, akapigana na Foreman pia, asianguke?" Wenzake walicheka. Sisi hatukujua la kujibu. Tukamwambia kwamba tutatafuta, maana mwalimu asiyejua asione haya kusema hajui. Tulikwenda kutafuta jibu la mchezo, tukakuta maisha ya mtu. Na maisha hayo yametulazimisha kusema leo mbele yenu jambo la nyumbani kwetu ambalo tulilificha miaka mingi.

MWANA WA WAHAMIAJI

Mtu huyo ni George Chuvalo, wa nchi ya Kanada. Alizaliwa mjini Toronto tarehe 12 Septemba 1937. Wazazi wake walikuwa Wakroatia wa Herzegovina, nchi ya milima na mawe, waliovuka bahari kutafuta riziki. Baba yake alifanya kazi machinjioni, akichuna ngozi za ng'ombe. Mama yake alinyonyoa kuku. Ni kazi za kuumiza mikono, nao walizifanya ili watoto wao wale na wasome. Mtoto alikuwa bado mdogo sana alipoziona picha za wapiganaji katika gazeti la ngumi, na tangu siku hiyo moyo wake haukutaka kazi nyingine.

Mwaka 1955 akawa bingwa wa uzito wa juu wa Kanada miongoni mwa wasiolipwa. Tarehe 23 Aprili 1956, kabla hajatimiza miaka 19, aliingia katika ngumi za kulipwa kwa namna ya ajabu: usiku huo mmoja, katika mashindano ya wapiganaji wapya, alikutana na wanaume wanne, akawaangusha wote wanne, mmoja baada ya mwingine.

Tusidhani hata hivyo kwamba alikuwa fundi mkubwa wa mchezo. Hakuwa na miguu myepesi, wala mkono wake haukuwa na kasi ya kutisha. Njia yake ilikuwa moja: kusonga mbele. Alikubali kupigwa ngumi tatu ili apate nafasi ya kupiga moja mbavuni. Muhammad Ali, aliyekuwa hodari wa kudhihaki watu, alimwita mfua nguo, kwa jinsi alivyotupa mikono yake kama mama anayesugua mashuka mazito. Lakini alikuwa na kitu ambacho hakifundishwi. Shingo yake ilikuwa kama kisiki cha mti, na ndani ya kifua chake mlikuwa na ukaidi wa watu wa mawe.

Yafaa tueleze jambo moja kwa wasomaji wasiofuata mchezo huu. Juu kabisa yuko bingwa wa dunia. Chini yake wako watu wachache wanaohesabiwa kuwa wanastahili kumkabili. Hao ndio wagombea ubingwa. Wengine hukaa humo mwaka mmoja, wakaanguka na kusahauliwa. Chuvalo alikaa humo miaka mingi, akiukaribia ubingwa na kuukosa, akirudi tena mwanzo wa ngazi na kupanda upya. Hakufika juu kamwe.

MAPIGANO 93

Tarehe 1 Februari 1965, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, alipambana na Floyd Patterson, aliyekuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia. Raundi 12 walipigana bila kupumzishana, na Patterson akapewa ushindi kwa pointi. Gazeti la The Ring lililichagua kuwa pigano bora la mwaka huo. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo alimkabili Ernie Terrell mjini Toronto, kwa ajili ya ubingwa uliotambuliwa na chama kimoja cha mchezo huo. Raundi 15; akashindwa tena kwa pointi.

Mwaka wa 1966 mlango ulifunguka kwa namna asiyoitazamia. Ali alikuwa apigane na Terrell mjini Chicago. Lakini Ali alikuwa amesema hadharani kwamba hana ugomvi na wapiganaji wa Vietnam, na Wamarekani wengi walikasirika sana. Chicago ikakataa pigano, na miji mingine ikakataa, hata mwisho Toronto ikakubali. Terrell naye akajitoa. Ndipo akatafutwa mtu wa kujaza nafasi, akaitwa Chuvalo, ambaye alipewa muda usiotimia hata majuma matatu wa kujitayarisha kwa pigano kubwa kuliko yote ya maisha yake.

Tarehe 29 Machi 1966, katika Maple Leaf Gardens, mtoto wa mchuna ngozi alisimama mbele ya bingwa wa dunia. Wengi walidhani hatafika mbali. Ali alimpiga usoni kwa mkono ule wa kasi ambao hakuna aliyeuona ukija. Naye Chuvalo akasonga mbele, akimpiga mbavuni na kiunoni, raundi baada ya raundi, hata kengele ya 15 ilipolia. Waamuzi walimpa Ali ushindi, na kwa haki. Lakini bingwa alipigwa hata akakojoa damu, akapelekwa hospitali. Chuvalo mwenyewe alipenda kuwachekesha watu kwa habari hiyo: Ali alikwenda hospitali, naye akaenda kucheza dansi na mkewe, basi nani alishinda? Na Ali, baada ya dhihaka zake zote, alikiri kwamba huyo alikuwa mtu mgumu kuliko wote aliokutana nao.

Mengine tutayapita haraka. Mwezi wa Julai 1967 Joe Frazier alimvunja mfupa wa tundu la jicho, na mwamuzi akalikomesha pigano katika raundi ya 4. Chuvalo alikuwa amesimama. Mwezi wa Desemba 1969, jicho lake likiwa limevimba, alimwangusha Jerry Quarry katika raundi ya 7 kwa pigo moja, wakati ambapo wengi walihesabu kwamba ameshindwa. Mwezi wa Agosti 1970 alikutana na Foreman, kijana mwenye nguvu za kutisha, na mwamuzi akalikatiza pigano katika raundi ya 3; Chuvalo alikuwa amesimama. Tarehe 1 Mei 1972, mjini Vancouver, alimaliza raundi 12 na Ali kwa mara ya pili. Alipouacha mchezo mwaka 1978, akiwa na miaka 41, hesabu yake ilikuwa hii: mapigano 93, ushindi mara 73, na katika hizo mara 64 mpinzani hakufika mwisho, kushindwa mara 18, sare mara 2. Na katika mapigano yote 93, hakuna mtu aliyemwangusha chini.

Hilo ndilo lililokuwa jibu la mvulana wa benchi la nyuma. Yuko mtu aliyepigana na Ali mara mbili, akapigana na Foreman, akapigana na Frazier, asianguke. Lau tungalifunga kitabu hapo, tungalirudi darasani na jibu zuri, na makala haya yasingaliandikwa.

PIGANO LISILO NA KENGELE

Chuvalo na mkewe walijaliwa watoto watano: wana wanne na binti mmoja. Katika miaka ile baba alipokuwa akipigania ugali wa nyumba yake, watoto walikua vizuri, wakimjua baba yao kuwa mtu asiyeanguka.

Mdogo wa wana wale wanne aliumia goti katika ajali ya pikipiki. Goti lilimtesa. Mtu mmoja akamwonyesha njia ya kuondoa maumivu, nayo ni heroini. Dawa hiyo ya kulevya hutengenezwa kwa afyuni, utomvu wa tunda la maua fulani. Mara ya kwanza humfariji mtu, kisha humfanya mtumwa, kwa sababu mwili ukiisha kuizoea huumwa vikali unapoikosa. Kijana yule aliyetaka kupumzisha goti akawa hawezi tena kupumzika bila sumu ile. Mwezi wa Februari 1985, akiwa na miaka 20, alijitoa uhai.

Ndugu zake wawili nao walikuwa wamekwisha kunaswa. Walivunja maduka ya dawa ili wapate sumu yao, wakafungwa, wakatoka, wakarudi. Mwaka 1993 mmoja wao alikufa kwa heroini, siku chache tu baada ya kufunguliwa gerezani. Mama yao hakuweza kuuchukua mzigo huo wa pili. Siku chache baadaye naye alijitoa uhai. Mwezi wa Agosti 1996 mwana wa tatu, mwenye miaka 35, aliuawa na sumu ile ile. Katika muda wa miaka 11 Chuvalo alizika wana watatu na mke.

Wasomaji wapenzi, tusiwahukumu marehemu hao. Ni Mungu peke yake ajuaye jinsi huzuni inavyoweza kuifunika akili ya mama, na rehema yake haipimwi kwa kibaba chetu. Tuwaombee.

Bali tufikiri juu ya baba aliyebaki. Ulingoni, kila baada ya dakika tatu kengele hulia. Mpiganaji hukaa juu ya kigoda, huoshwa uso, hupewa maji, husikia neno la mwalimu wake. Na akizidiwa, yuko mwamuzi wa kuingia kati. Nyumbani mwa Chuvalo hapakuwa na kengele wala mwamuzi. Shingo ile ambayo mkono wa Foreman haukuweza kuilaza haikumfaa kitu mbele ya adui asiye na uso, aliyeingia kwa mlango wa goti la mtoto.

Je, alifanya nini? Angaliweza kujifungia ndani. Nani angalimlaumu? Yeye alitoka. Tangu mwaka 1996 alianza kuzunguka nchi ya Kanada akiingia katika shule, katika magereza na katika vijiji vya wenyeji wa asili, akasimama mbele ya watoto wa watu wengine na kuwaambia waziwazi: wanangu walikufa kwa heroini; waliiba; walifungwa; mimi baba yao sikuweza kuwaokoa. Aliwaambia pia kwamba upendo wa nyumbani ndio uliomshikilia, na kwamba mtu asione haya kuwaambia watu wake kuwa anawapenda. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi. Mwaka 1998 Serikali ya Kanada ilimtunukia nishani ya Order of Canada. Ubingwa wa dunia hakuupata; lakini watoto waliosikia maneno yale hawakuhitaji kujua hesabu ya mapigano yake.

SIRI YA NYUMBA YETU

Tulipofika hapo katika kusoma, tulikifunga kitabu, tukakaa. Sasa tuseme sababu.

Tulikuwa na mdogo wetu. Alizaliwa mnene na mwenye mikono mikubwa, hata baba akamwita Foreman, na jina hilo la utani likamkaa. Sisi tulikwenda kusoma katika seminari ndogo, yeye akabaki nyumbani. Alikuwa mlinda mlango wa timu ya vijana wa parokia. Mpira ulipokuwa hewani, watu walisema mikono ile ni ya Foreman, na kweli haikuukosa mara nyingi. Alikuwa akimchotea mama maji kabla ya kwenda shule, pasipo kuambiwa.

Baba alipokufa, yeye aliacha shule, akaenda Kolwezi kuchimba mawe pamoja na vijana wengine. Alirudi baada ya miaka miwili na fedha kidogo na kiu kubwa. Kiu hiyo ilikuwa ya lutuku, ile pombe kali inayopikwa mitaani na kuuzwa katika chupa ndogo za plastiki kwa bei ambayo hata asiye na kazi anaweza kuipata. Baadaye alichanganya na bangi. Mwanzoni alikunywa jioni, kisha mchana, kisha alipoamka. Cherehani ya mama iliuzwa. Sufuria ziliuzwa. Siku moja tulikuta hata mabati mawili ya jiko la nje yameng'olewa.

Nasi, mwalimu wa watoto wa watu, tulifanya nini? Tulikwenda usiku, kwa njia za nyuma, kulipa madeni yake ili watu wasinene. Wageni walipokuja, mama aliufunga mlango wa chumba cha nyuma. Na kila aliyetuuliza habari zake, katekista, walimu wenzetu, wazee wa kanisa, tulimjibu neno moja: "Amekwenda Kolwezi." Naye alikuwa ndani, hatua sita kutoka penye kiti cha mgeni, akisikia kaka yake anavyomkana.

Alikufa mwezi wa Februari, mvua ikinyesha usiku kucha. Alikuwa na miaka 26. Kwenye kilio tulisema ni malaria. Watu walituamini, au walitufanyia heshima ya kutuamini. Katekista aliombea familia zote zilizopigwa na malaria. Mama alitazama chini.

Sasa mwaelewa kwa nini kitabu kilitushinda. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya mpigana ngumi asiyepiga hewa. Sisi tulipiga hewa miaka minne. Tulipigana na ndimi za majirani, ambazo hazijamwua mtu, tukamwacha adui wa kweli akae ndani ya chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Chuvalo alipokea ngumi za Ali, za Frazier na za Foreman, na bado akawa na nguvu ya kusema mbele ya maelfu neno ambalo sisi hatukuweza kulisema mbele ya katekista.

KATIKA DARASA LA SITA

Tuliwarudia wanafunzi siku ya Ijumaa, katika saa ya mwisho. Tulianza na Ali, wakashangilia. Tulipofika kwenye watu wanne wa usiku mmoja, walipiga meza. Tulipofika kwenye goti la yule kijana, kelele zilipungua. Tulipomaliza habari za mama na mwana wa tatu, darasa lote lilikuwa kimya. Ndipo tukasema, na sauti yetu haikuwa imara: "Nasi pia, watoto wetu, tulikuwa na mdogo wetu. Malaria haikumwua. Aliuawa na lutuku." Ilikuwa mara ya kwanza kinywa chetu kuyaweka maneno hayo mawili, mdogo wetu na lutuku, katika sentensi moja.

Kengele ililia, wakatoka mbio kama siku zote. Mvulana wa benchi la nyuma alibaki akifuta ubao. Alipokwisha kuufuta, akaufuta tena.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "mdogo wako alianza siku moja, au polepole?"

"Polepole."

"Na wewe ulijua lini?"

"Tulijua mapema. Tulinyamaza."

Akakunja kitambaa, akakiweka mahali pake. Kisha akatuambia habari za kaka yake.

Jioni ile tulikwenda kwao. Mama yake alitukaribisha kwa heshima, akafuta kiti kwa khanga yake. Tukaulizana hali, tukazungumza juu ya masomo ya mtoto. Halafu tukauliza habari za kijana wake mkubwa.

"Amekwenda Kolwezi, Mwalimu," alijibu.

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Mama yule hakugeuka, nasi hatukugeuka. Ah! Kolwezi ile tunaijua. Hatua zake tumezihesabu. Tukamwambia: "Mama, mdogo wetu naye alikuwa amekwenda Kolwezi namna hiyo. Alikufa huko, katika chumba cha nyuma." Alitutazama muda mrefu. Kisha akaketi chini, akajifunika uso, akalia; na baada ya kulia akainuka, akalivuta pazia.

Tusiwadanganye wasomaji. Kijana huyo hajapona. Yako majuma anayokuja uwanjani kuwasaidia watoto kufunga nyavu za goli, na yako majuma asiyoonekana. Tumekwenda naye kwa mganga wa zahanati, na padri humtembelea. Anaanguka na kuinuka, anaanguka na kuinuka. Lakini hakuna tena mtu anayesema amekwenda Kolwezi. Akianguka, watu wanajua mahali pa kumwinulia, na mama yake halali macho peke yake.

Enyi wazazi, mtoto akianza kupotea, msianze kwa kuufunga mlango. Ugonjwa ufichwao ndio uuao. Aibu ni nzito kweli, lakini ikibebwa na wengi hupungua uzito, kama jeneza. Mwambieni ndugu, mwambieni padri au katekista, mwambieni mganga, nanyi mtashangaa jinsi nyumba nyingi za jirani zilivyo na chumba cha nyuma. Wala msisahau kumwambia mtoto mwenyewe kwamba mnampenda, angali ana masikio ya kusikia.

Nanyi wanafunzi, chezeni ngumi zenu kwa adabu. Mwalimu atawatawanya, hamkosi kurudi. Lakini mtu akija na chupa ndogo na kuwaambia kwamba itaondoa maumivu, kumbukeni goti la kijana yule wa Toronto.

Kabla ya kuandika haya tulimwendea mama yetu kumwomba ruhusa, maana siri ilikuwa yake kabla ya kuwa yetu. Alikuwa akichambua mchele. Hakutujibu mpaka alipoumaliza ungo wote. Kisha akasema: "Andika, mwanangu. Lakini andika pia kwamba alikuwa akinichotea maji."

Tumeandika, mama.